Darasa Chumbani kwa Mzazi

Jumatatu, 4 Juni 1973
Kisomo cha watu wazima hapa Rusimbi tena. Chaki imeisha, nimegawanya vipande. Zainabu hayupo. Amejifungua binti, na mzazi hatoki nje mpaka arobaini. Nimewaka. Mwanafunzi wangu hodari kuliko wote afungiwe ndani, na somo la uzazi ndiyo kwanza linaanza! Nimeandika makala ya gazetini dhidi ya arobaini. Kali. Tamu mno.

Jumatano, 6 Juni
Nimemsomea Bi Mwajuma, mama mkwe wa Zainabu, makala yote. Alisikiliza huku akikoroga uji wa pilipili manga. Kisha akasema mzazi hatoki, lakini wageni hawajakatazwa kuingia. Mbona sikuliona? Darasa linahamia chumbani.

Ijumaa, 8 Juni
Siku ya raha! Ubao umeegemezwa ukutani, wanawake mikekani, wengine dirishani. Zainabu alisoma huku akinyonyesha: homa baada ya kuzaa ni hatari, nenda hospitali upesi. Hakukwama hata mara moja. Nilipiga vigelegele. Wanaosema mwanamke wa Kigoma hafundishiki waje Rusimbi niwaumbue.

Jumatatu, 11 Juni
Zainabu anatetemeka kwa homa. Tumbo linamuuma. Na darasa zima linaniambia ni homa ya maziwa, haihesabiwi. Wamesoma sentensi ileile kwa sauti! Kwao homa ni ile ya mbu. Ya maziwa ni jambo jingine. Sikuwauliza Ijumaa. Nilikuwa nashangilia.

Nilifungua mdomo nihutubie. Zainabu akanitangulia, akimtazama mama mkwe wake.

"Mama, maziwa yalishuka wiki iliyopita. Homa hii siyo yake."

Nilijiandaa kwa vita vya arobaini, hoja zimejaa kinywani. Bi Mwajuma akavua kanga yake ya juu. Akadai na za wengine. Wakakizungushia kitanda cha kamba kanga pande zote, mama na mtoto ndani, wakainua.

"Hajatoka huyu," akasema. "Yumo chumbani." Akanigeukia. "Mwalimu, shika mguu huo wa kitanda. Maneno utayamalizia hospitali."

Nikashika. Chumba cha kanga kikatembea barabarani, wanawake wakipokezana, wenye baiskeli wakitupisha. Nimepiga kelele njia nzima. Mganga wa hospitali alimpokea papo hapo, akasema tumewahi. Sindano. Tumewahi!

Jumapili, 17 Juni
Zainabu amerudi. Homa imekwisha, anakula ugali na samaki wa migebuka. Ameandika ubaoni kwa mkono wake: hata ukidhani ni ya maziwa, nenda upimwe. Majirani wanakuja kusoma, mmoja ana mimba kubwa.

Nilianza kuwaeleza maana ya siku hii. Bi Mwajuma akanigusa bega, akasema nipunguze sauti, mtoto amelala.

Nikakaa mkekani.