Mume Wangu Anampima Mtoto Masikio kwa Spika

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijavunja ndoa au spika, kimoja kati ya hivyo viwili. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu anakodisha muziki kwenye sherehe, na sebuleni kwetu spika ni nyingi kuliko viti, mgeni akija anakaa juu ya moja na chai anawekewa juu ya nyingine. Tuna binti wa miaka minne, tunamwita Bosi kwa sababu hatembei na nyumba nzima inamtumikia. Ana mtindio wa ubongo, alipozaliwa alikuwa wa manjano mpaka machoni, akalazwa, tukarudi naye tukidhani yamekwisha, kumbe miguu na mikono ilikuwa inakaza, na hilo Shangazi tulishalia tukanyamaza, siku hizi tunacheka naye maana ni mchangamfu na ana macho ya umbea, hayaachi kitu.

Tatizo ni kwamba nikimwita kwa nyuma hageuki, nami nikawa nasema shingo ngumu, atageukaje, mpaka mtaalamu anayemnyoosha viungo kliniki akaniambia, "Mama, shingo ni ngumu, sawa, na macho je? Mbona hata macho hayakutafuti?" Nikarudi nyumbani nikamwita, nikapaza sauti, nikagonga sufuria mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna mwizi, Bosi anaangalia zake dirishani, lakini kivuli changu kikipita ukutani macho hayo yanakimbia nacho. Nikamwambia mume wangu tumpeleke akapimwe masikio, akacheka, akamkalisha juu ya spika kubwa, akamshika kiuno, akafungulia muziki, mtoto akacheka mpaka mate yakamtoka, baba mtu akanigeukia kama hakimu, "Anasikia kuliko wewe. Hii ni damu yangu." Mama mkwe akadakia kwamba nimezoea hospitali, natafuta ugonjwa wa pili wakati wa kwanza haujaisha, na wifi yangu akasema mtoto anasikia vizuri tu ila haelewi, ndivyo watoto hawa walivyo.

Hilo la haelewi ndilo linaloniua, Shangazi, maana tulimpeleka shule ya watoto wenye mahitaji maalumu, mwalimu akiwa ameinamia karatasi zake akamuuliza mpira uko wapi, doli liko wapi, Bosi akabaki kumtazama na kutabasamu, mwalimu akasema huyu hafundishiki, muhula ukianza atakaa chumba cha wale wa kulishwa na kubadilishwa nguo tu. Mume wangu naye amesema nikimpeleka kupimwa bila ruhusa yake nitakuwa nimemdharau mbele ya ukoo. Na siri ambayo sijamwambia mtu ni kwamba hata mimi naogopa, kwa sababu namwimbia kila nikimlaza, sasa nikiambiwa hasikii, nilikuwa namwimbia nani miaka yote hii? Niende au ninyamaze?

Mama Bosi

*

Marahaba, Mama Bosi, na pole. Nianze na mumeo, kwa sababu amenichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Mtu anayekula kwa kazi ya muziki na bado hajui kwamba besi inatikisa mbavu, hiyo kazi alifundishwa na nani? Juu ya spika ile mtu hasikii kwa masikio, anasikia kwa makalio. Mzibe mama mkwe masikio kwa pamba umkalishe pale, naye atacheka. Alichofanya mumeo ni burudani, na burudani si kipimo.

Wifi yako naye apunguze utaalamu. Kusema mtoto haelewi kabla hujajua kama anasikia ni kumfelisha mtihani ambao hakupewa karatasi. Na mwalimu aliyeuliza swali huku ameinama, mtoto wa watu angemsoma hata midomo kwa kupitia wapi?

Mimi si daktari, lakini najua hili: manjano makali ya uchangani yanaweza kugusa viungo na masikio kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo hakuna ugonjwa uliouokota wewe hospitalini. Habari ya manjano mpe daktari mapema, usingoje aulize, na umwambie wazi kwamba binti yako hawezi kugeuza shingo wala kunyoosha mkono, wasije wakampigia makofi nyuma ya kisogo wakakurudisha nyumbani. Kipo kipimo ambacho mtoto analala usingizi wake, anabandikwa vinasa vidogo kichwani, anawekewa sauti masikioni, na mashine inaangalia kama ubongo unaipokea. Haulizwi kitu. Kama hospitali yenu hawana, wakuandikie uende hospitali yenye nacho.

Sasa zamu yako, na usinune. Hiyo ruhusa ya mumeo umeifanya pazia, mama, na nyuma ya pazia umejificha wewe. Ungekuwa huogopi ungeshakwenda. Unauliza ulikuwa unamwimbia nani. Ulimwimbia mwanao, kichwa chake kikiwa kifuani kwako, na kifua kinachoimba kinatetemeka. Alipata fungu lake. Lakini mtoto mwenye macho ya umbea kiasi hicho anastahili kupewa na umbea wenyewe, kwa kifaa cha masikioni kama kitamfaa, kwa ishara, kwa picha, kwa vyovyote.

Kuanzia leo mguse kwanza, akuone usoni, ndipo useme, na kila neno lipe ishara yake ya mkono. Kesho rudi kwa mwalimu, umwambie asimpangie chumba mpaka majibu yatoke, na amjaribu tena huku akimwonyesha vitu, macho ya Bosi yamjibu. Akikataa, panda kwa mwalimu mkuu, na huko usiende kwa sauti ya kunong'ona.

Ruhusa usiombe. Toa taarifa, chakula kikiwa mezani na mama mkwe akiwepo, kwamba Jumatatu asubuhi Bosi anakwenda kupimwa masikio. Mumeo amebakiziwa uamuzi mmoja tu, achague kumbeba mtoto au kubeba mkoba.