Pengo Upande wa Nyumba ya Mama

Soweto West, Kibera
Jumanne, mwezi wa tatu

Kwa ndugu yangu Oluoch,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mkubwa wako. Natumaini umeamka salama wewe na shemeji Risper na watoto, na ule mgongo wako umeacha kukusumbua. Mama naye je? Anakula? Magoti yanamfikisha kanisani, au bado anaombea kitandani? Mimi huku ni mzima kabisa. Mwaka huu chumba changu hakivuji hata tone. Mabati niliyapanga mwenyewe, na majirani wanapita kuyaangalia wakitikisa vichwa.

Najua unashangaa kwa nini nakuandikia kama watu wa zamani, na simu ninayo mfukoni. Hilo nitalifikia. Barua hii ameibeba Christine, yule binti wa jirani yetu wa huko nyumbani, Amondi. Nimemwambia asikupe halafu aende zake. Asimame hapo mpaka umalize kuisoma.

Kwanza habari za kazi. Bado niko Kawangware na Ndegwa, yule mwenye power saw. Miti tunayokata, omera, ndugu yangu, wewe hujawahi kuiona. Wenye ploti wanajenga magorofa, na kila mti uliopandwa na wazee wao unaitwa uchafu. Mwezi wa kwanza tuliangusha grevilia moja ambayo kisiki chake kilibaki kipana hivi kwamba kanisa fulani liliweka kwaya yake juu, sauti zote nne, na bado mpiga kinanda akapata nafasi. Ingine ilikuwa imebanwa kati ya nyumba mbili za mabati. Nikaishusha katikati taratibu, na kuku aliyekuwa anaatamia chini ya ukuta hakuinua hata shingo. Muulize Ndegwa. Ingawa Ndegwa atakataa, maana ana wivu.

Kazi yenyewe ina akili yake. Tawi kubwa hulikati kutoka juu moja kwa moja. Unaanza na kijikato kidogo chini ya tawi, ndipo unarudi juu umalizie. Usipofanya hivyo tawi linavunjika nusu, linachuna ganda la mti kama ndizi, halafu linakurudia wewe uliyelikata. Kitu kingine ni pengo. Ukitaka mti uangukie kulia, unachonga pengo kulia, kisha unamalizia kushoto. Mti huangukia pengo lake. Hata mtu ambaye hakupita darasa la sita kama mimi anajua hivyo.

Weka hayo akilini, kwa sababu sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Kama ni Risper anakusomea kwa sababu miwani yako bado imevunjika, mwambie akupe karatasi, ujikaze usome mwenyewe.

Oluoch, mwaka jana mwezi wa nne tulikuwa kwa mzee Ephantus, Kawangware, kukata mkalitusi nyuma ya nyumba yake. Mimi nilikuwa juu. Chini alikuwepo mke wake, Njambi, na binti yao Jackie, ambaye alinielekezea simu akisema, "Uncle, tupungie mkono, nakupiga video!" Wewe unanijua. Nikapunga mkono, nikapunga na wa pili, nikasahau kile kijikato cha chini. Nikalikata tawi kutoka juu kwa sifa. Likachuna, likanirudia, likaniondoa mtini kama nzi. Kamba ya kiuno ndiyo iliyonishika. Nilining'inia kichwa chini, miguu juu, kwa muda wa saa nzima. Hii si ile saa ya hadithi zangu. Ndegwa ndiye aliyeihesabu. Njambi aliomba kwa Kikuyu mpaka sauti ikamkauka. Jackie aliacha kupiga video, akakaa chini analia.

Sikuvunjika mfupa wowote. Ndiyo maana sikumwambia mtu. Lakini tangu siku hiyo, ndugu yangu, sipandi. Nikifika kipandio cha tatu cha ngazi mikono inashika mti kama mtoto anayeshika nguo ya mamake. Nimejaribu asubuhi bila watu. Nimejaribu baada ya kuomba. Kazi yangu siku hizi ni kushika kamba chini na kukusanya matawi. Kuni ninawapelekea akina mama wanaokaanga samaki Kambi Muru. Vijana wa huko wameniita Fundi wa Chini. Wakiniona wanauliza, "Niaje Fundi wa Chini, hewa ya huko iko aje?" Mimi nacheka nao, kisha naenda kulala.

Ile grevilia ya kwaya, aliyepanda juu kuikata ni Ndegwa. Na yule kuku alikimbia.

Sasa rudi nyuma mpaka ile Jumapili baada ya Krismasi. Mlikuwa mmeniita nije niukate mkalitusi wa Baba ulioinamia nyumba ya Mama, kwa sababu mimi ndiye mkubwa na kwa desturi shoka la kwanza ni langu. Obonyo, fundi wa miti wa hapo kwetu, alikuwa amekuja na ngazi na kamba yake, akasema kwa heshima kwamba nikishatia shoka la kwanza yeye yuko tayari kumalizia. Nami nikamwambia mbele ya watu wote kwamba mti huu si wa fundi wa kukata fito za vibanda vya kuku, avumilie mpaka aone kazi ya Nairobi. Watu walicheka. Yeye alikunja kamba yake polepole, akaniachia ngazi, akaenda.

Mlikuwa mmesimama wote upande wa boma la ng'ombe. Nilipanda vipandio viwili. Cha tatu kikanikataa. Nikashuka nikiwaambia kwamba mti mkubwa huanzwa chini, na mkapiga makofi. Nikachukua shoka. Lakini mikono ilikuwa inatetemeka, Oluoch, na kama ningekatia upande wenu mngeiona. Kwa hiyo nikazunguka nyuma ya mti, mahali ambapo hakuna jicho linalonifikia. Nikapiga nane, labda kumi. Nilipofuta jasho na kuinua macho, mbele yangu kulikuwa na dirisha la Mama.

Pengo nimelichonga upande wa nyumba ya Mama.

Lina kina cha kiganja kizima na vidole vyake. Nikachanganya udongo na mavi ya ng'ombe, nikalifunika pengo, nikawaambia ni dawa ya Kawangware, mti upumzike miezi mitatu na mtu asiuguse mpaka nirudi. Si dawa. Ni udongo wa kuficha aibu. Na jioni ile Mama alinipa firigisi ya kuku, nyama ya heshima, akasema Baba angekuwa hai angefurahi kuona mikono yangu. Niliila.

Juzi uliponiambia kwenye simu kwamba upepo ukitoka ziwani mti unalia kama mlango, mimi nilikujibu kwamba hiyo ni dawa inafanya kazi. Tangu hapo nimekupigia mara tatu nikuambie ukweli, na mara tatu ukisema haloo tu, ulimi unakimbilia sifa. Mara ya tatu nilikueleza habari za mti ambao hata haupo. Ndiyo sababu naandika. Kalamu yangu ni ya polepole, haiwahi kunipita.

Kwa hiyo fanya hivi leo, kabla ya kula. Mtoe Mama kwenye ile nyumba. Najua atakwambia mama halali katika nyumba ya mwanawe, na kweli hawezi kulala kwako wala kwangu. Aende kwa Amondi. Christine tumeshapanga naye, mamake atafurahi kupata wa kuzungumza naye. Mama akikataa, akisema Omolo alisema mti una dawa, basi mpe Risper hii karatasi amsomee yote, kuanzia Jackie na simu yake mpaka firigisi. Nilisema usome peke yako. Nimebadilisha.

Mti usiukate chini, hata kidogo. Fungeni kwanza kamba mbili, juu kadiri ngazi inavyofika, mzivute upande wa boma, mzikaze kwenye ule mti mkubwa wa msiala ulio langoni. Kisha matawi ya upande wa nyumba yatoke moja moja, na kila moja lianze na kijikato cha chini. Redio inasema mvua inaanza wiki ijayo, kwa hiyo msikae. Na usiogope kwamba wewe ni mdogo. Shoka la kwanza lilikuwa langu na nimeshalitia, ingawa vibaya. Mkono wa mkubwa umepita. Sasa mko huru.

Aliye na haki ya kupanda ni Obonyo. Nenda kwake leo hii, usimtume mtu. Mwambie niliyosema juu ya fito za kuku nayarudisha, na kwamba nitayarudisha mwenyewe mbele ya wale wale waliocheka. Nimemuaga Ndegwa. Natoka hapa Alhamisi jioni, Ijumaa asubuhi niko langoni. Nitakuwa chini, upande wa boma, mahali ambapo kila mtu ananiona, na kamba nitaishika hiyo isiponyoke hata nikimenyeka viganja. Hiyo ninaiweza kweli. Hilo hata Ndegwa hatakataa.

Nisalimie Risper, na watoto wote. Derrick umwambie nilimdanganya, baba mkubwa wake hajawahi kuona ziwa akiwa juu ya mti wa Kawangware. Mama msalimie mwisho, ukishamfikisha kwa Amondi na kumwekea mto.

Ni mimi ndugu yako,
Omolo, mshika kamba.