Mashine Iliyomkataa Nyaketcho

Tororo

Dada Mariamu,

Shikamoo. Goti lako vipi, na Mama bado anaficha dawa chini ya mto? Sisi huku tu wazima, ila kitambi changu kinazidi kunitangulia mlangoni.

Juzi wifi yako Nyaketcho alikuwa anaomba upya kibali cha kuvusha wimbi, ule ulezi wa uji, kwenda kuuza Busia, upande wa Kenya. Siku hizi kinaombwa mtandaoni tu, na ilikuwa siku ya mwisho. Akikikosa, msimu wote umempita. Nikajitolea kujaza fomu, mimi mtaalamu. Mwisho ikatutaka tuthibitishe kuwa ni binadamu: tuchague picha zenye bomba la zimamoto. Picha zote za mitaa ya ng'ambo. Mojawapo ilikuwa na kidude kifupi, chekundu, kando ya barabara. Nikasema kwa uhakika kabisa kwamba lile ni jiwe la mpaka, tuliache. Tukachagua lori la maji. Tulipokosea mara ya tatu, ikatufungia. Kumbe kidude ndicho chenyewe. Kwao zimamoto huchomeka mpira hapo. Huku nyumba ikiungua tunapokezana ndoo.

Nyaketcho akaniuliza, kwa kile Kiswahili chake cha mpakani ulichokicheka harusini, "Hii simu nasema mimi si mtu?" Akajifunga kitenge, tukaenda ofisini.

Tulikuta foleni ya akina mama wenzake wa sokoni, wote wamefungiwa vilevile. Afisa, bwana mpole mwenye tai, akatushauri kila mmoja atafute mtu anayezijua picha hizo ambofyee. Mimi nilishaanza kumshukuru; uoga wangu unaujua. Mwenzangu akabaki pale pale. Akafungua simu, akamwonyesha picha mbili za shamba la mama yake kule Kisoko, mimea ikiwa michanga. Moja wimbi, nyingine majani ya magugu yanayofanana nalo. Achague wimbi ni lipi.

Afisa akacheka, kisha akaikuza picha, kisha akaacha kucheka. Nilimwonea huruma. Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa niling'oa mistari miwili ya wimbi la mama mkwe, nikayaacha majani yamesimama, nikaomba na chai.

Afisa akachagua majani.

"Umekosa," Nyaketcho akamwambia. "Lakini mimi bado nakuita mtu."

Afisa akavuta fomu ya karatasi kutoka mtoto wa meza, akaniambia kwa sauti ya chini iwe siri yetu. Wifi yako hana siri, Dada. Akaiinua juu wote waione, akavuta kiti, akaketi. Akasema hajazi herufi hata moja mpaka kila aliye nyuma yake apate yake. Nami nikaketi, ila karibu na mlango.

Fomu zilitolewa zote. Ya Nyaketcho ilijazwa ya mwisho, ofisi ikikaribia kufungwa.

Mpe Mama pole ya dawa, na shemeji, mumeo, salamu zake kamili. Mwanao mkubwa mwambie mjomba anamkumbuka.

Mdogo wako akupendaye,
Hosea