Siku Tate Wako Alisimama mu Teatre

Mujukuu wangu Furaha,

Sisi wote hapa Nyabiondo tunakusalimia. Maharagi yametoka muzuri. Uliniuliza kama nilimupenda tate wako, bwana yangu, tangu mwanzo.

Hapana, nilimuogopa. Tulikuwa wapya katika ndoa aliponipeleka Goma kutembea na kuangalia teatre mu sale ya paroisse, ile nyumba kubwa ya mikutano ya kanisa. Katika muchezo, mwanaume mumoja akainua fimbo amupige bibi yake. Tate wako akasimama: “Papa, acha huyo mama!” Watu wote wakacheka, hata wachezaji.

Inje akaniuliza polepole: “Nimekupatisha haya?”

“Ndiyo. Lakini kama ingekuwa mimi, ungesimama?”

“Kwako ningepanda mpaka kule juu wanachezea.”

Hapo njo nikamupa mukono mbele ya watu, tukashuka kuangalia ziwa.

Nakuombea raha huko Kinshasa.

Nyanya yako, Mama Feza