Usiku Nilioshikilia Mguu wa Twiga wa Saruji

Mpendwa binti yangu Nyawira,

Umeniuliza mara nyingi mbona sikutumii tena picha za usiku, nami nimekuwa nikisingizia mvua. Mvua imenyesha, ni kweli. Lakini si mvua, Mami. Ni aibu, na nimeona heri nikuandikie, maana kwenye simu ya video ungeuona uso wangu.

Unaikumbuka ile bustani ya hoteli iliyofungwa, njia ya kwenda Giakanja? Sanamu bado zipo: twiga, simba aliyekatika mkia, na yule mwanamke wa saruji aliyebeba kuni mgongoni, kamba imemkaza kwenye paji la uso. Ulikuwa bado sekondari tulipoanza kwenda. Mimi nilisimamisha kamera kwenye stendi na kuiacha wazi gizani, nawe, na sweta yako nyeusi, ukaizunguka sanamu na tochi, ukiipaka mwanga polepole kama mtu anayepaka ukuta rangi. Kwenye picha alitokea twiga peke yake, anang'aa.

"Baba, sasa mimi niko wapi?" uliuliza mara ya kwanza, umeinamia kioo cha kamera.

"Uko kila mahali palipo na mwanga," nikakujibu, nikajiona mtu wa maana sana.

Ulipokosea nilikukemea. Usisimame hapo! Usimulike kamera! Nilitembea kwenye giza lile kama niko sebuleni kwangu.

Ulipokwenda Kanada kuuguza wagonjwa, niliendelea peke yangu. Kisha nikaanza kugonga vitu. Nilijiambia ni tochi, nikabadilisha betri, halafu nikanunua tochi kubwa zaidi. Mama yako akiuliza mbona suruali imechanika, nilisema ni seng'enge, na haukuwa uongo.

Usiku mmoja tochi ilinitoka mkononi ikazimika. Mwezi ulikuwepo, niliuona kule juu. Lakini chini hapakuwa na kitu, Mami. Hata mkono wangu sikuuona. Nilipiga hatua nikaanguka, nikatambaa nikipapasa majani kuitafuta kamera, hadi nikaukumbatia mguu wa twiga. Nikabaki hapo. Soja anayelinda ile hoteli alinikuta hivyo, akiwa na vijana wawili wa sokoni. Mmoja wao nilimfundisha hesabu.

"Si huyu ni mwalimu?"

"Ati mwalimu naye ameanza kulewa?"

"Sijalewa," nikasema.

"Basi simama utembee tuone."

Nikasimama, nikatembea, nikamgonga simba. Walicheka mpaka wakaishiwa pumzi. Kisha wakanishika makwapa kunipeleka nyumbani. Unajua sijawahi kuonja pombe. Lakini mlevi angeamka mzima kesho yake. Nilichokuwa nacho mimi hakingeisha asubuhi, kwa hiyo nikawaacha waamini walichotaka. Kanisani bado kuna wanaonisalimia wakininusa.

Mama yako pia alininusa, pale pale mlangoni, mbele yao. Akawashukuru, akafunga mlango. Halafu akazima taa.

"Baba Nyawira, nimeinua vidole vingapi?"

Nikanyoosha mkono kuvipapasa.

"Vingapi?"

Nilimsikia akivuta kamasi kabla hajawasha taa tena.

Daktari anasema ugonjwa uko ndani kabisa ya jicho. Umeanza kuninyima usiku. Mchana nitabaki nao kwa muda, hajui muda gani. Wewe muuguzi ndiwe uliyestahili kujua kwanza, na ndiwe niliyekuficha. Niliona vibaya mtoto niliyemkemea gizani ajue kwamba sasa nashikwa mkono.

Maana nashikwa mkono kweli. Juzi jioni mama yako, aliyekuwa akituita wazimu na tochi zetu, alinipeleka bustanini mwenyewe. Tulipita mbele ya maduka akiwa amenishika, watu wakatazama, nami nikainamisha kichwa kama niliyeiba. Aliniwekea kamera, akachukua tochi, akaanza kumpaka mwanga yule mwanamke wa kuni. Alikosea kila kitu. Alisimama, akageuka, akapiga soga.

"Na huyu hawamwambii atue mzigo?" aliuliza, akicheka peke yake. Sikumkemea. Nilikuwa nasikiliza sauti yake ilipo.

Picha ndiyo hii nimeiambatisha. Gambuti zake zimetokea, na ukingo wa leso yake, karibu na miguu ya saruji. Ni picha mbovu. Nimeikuza kwenye kompyuta, ambako mwanga ni mwingi na bado naona vizuri, nikaitazama muda mrefu. Usiku, siku hizi, nauona hapo tu.

Usinihurumie sana. Niulize maswali ya muuguzi, nitajibu yote. Na usiogope kupiga simu jioni ukidhani nimetoka. Giza likiingia, nipo nyumbani.

Ni mimi,
Baba yako