Bawa la Kushoto

Baba Atieno, mume wangu,

Huu ni mwaka wa tatu tangu tukuzike hapa Kericho, mbali na ziwa la kwenu, na bado kuna neno sijakuambia.

Bwana mkubwa, mwenye shamba la chai, alipokuita kutoka karakana ya kiwanda cha chai, alikuonyesha michoro akasema anataka ndege ndogo ya kubeba barua na wagonjwa, inayoweza kutua hata malishoni. Ulirudi nyumbani ukicheka. Wewe, seremala wa masanduku ya chai! Juma lililofuata hukucheka tena. Ulichonga mbavu za mabawa moja moja, ukizipitisha shavuni kusikia kama zimelainika. Mimi nilishona kitambaa cha kuyafunika, nawe ukafumua kila mshono uliopinda bila hata kusema pole. Zilikuwa siku zetu nzuri, ingawa tuligombana sana.

Mvua ya mwaka ule haikukatika. Gundi ya bawa la kushoto ilikataa kukauka. Ulimwomba bwana angoje wiki mbili. Akasema wageni wake wameshatoka Nairobi kuja kuiona, na kwamba yeye ataiendesha, nawe utakaa kiti cha nyuma.

Asubuhi hiyo ulikunywa chai umesimama. Ukaniuliza, "Nikikataa atanifukuza, turudi kwetu ziwani. Unasemaje?"

Nilijua unataka nikuzuie. Lakini wanawake wote wa laini yetu, safu ile ya nyumba za wafanyakazi, walikuwa nje wananingoja, wamevaa nguo za kanisani, na mimi nilikuwa nimejisifu kwao mwezi mzima. Nikakujibu, "Panda. Watoto waseme baba yao ameruka."

Iliruka, Baba Atieno. Ulitupungia mkono. Ilipogeuka juu ya shamba la chai, bawa likajikunja. Bwana alivunjika miguu, akanusurika. Wewe tulikutoa katikati ya michai, umeshakata roho.

Mwezi uliopita bwana alikuja mlangoni na magongo yake. Anajenga ndege nyingine, mbao zimefika, akaomba nishone tena. Nikakataa. Ndipo akaanza kulia, mzee mzima, akisema, "Mimi ndiye niliyemuua."

Watu wote hapa wanamlaumu yeye, hata ndugu zako, nami nimewaacha. Siku hiyo pia nilimwacha aende zake akiamini ni yeye peke yake.

Wewe tu ndiye unayejua uliniuliza nini, na nilikujibu nini.

Lala, baba. Sijui kama nina haki ya kukuomba zaidi ya hapo.

Mkeo,
Mama Atieno