Meneja Kakatazwa Ini

Jumatatu, 3 Machi
Meneja hayuko sawa. Paka wangu huyu, mnene kama mto wa kochi, siku hizi akitaka kunitazama anageuza mwili mzima. Shingo haigeuki! Mgongoni hajilambi tena, manyoya matimutimu. Binti yangu anasema ni maringo tu, kwa vile paka analishwa vizuri kuliko yeye.

Muuza nyama wa mtaa wa pili kapita kama kawaida na kimfuko chake. "Fundi, ini la Meneja hilo." Tangu mvua zikatike anakuja kila siku. Kakaa karibu na cherehani, tukaongea mpaka nikashona mkono wa kulia kushoto. Anakuja kwa ajili ya paka tu, jamani.

Jumatano, 5 Machi
Kwa daktari wa mifugo, Meneja ndani ya kapu la nguo, analalamika njia nzima. Daktari kapapasa shingo, kapiga picha ya mifupa, kauliza anakula nini. Ini, nikasema kwa majivuno. Ini na nini? Ini na ini.

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Kanieleza kwamba ini ndilo ghala la vitamini A: ng'ombe anaitoa kwenye majani, ya ziada anaiweka humo. Paka hawezi kujitengenezea kutokana na mboga, lazima aipate kwenye nyama. Lakini kidogo! Akila ghala la mwenzake kila siku, la kwake linafurika, na ziada inaotesha mifupa pasipotakiwa. Ndiyo hiyo shingo. Ini marufuku. Maumivu yatapungua, ila mfupa ulioota ndio umeshaota.

Na onyo: asikae na njaa. Paka mnene akigoma kula, mafuta ya mwili yanakimbilia kwenye ini, linazidiwa, anaweza kufa.

Kumbe nilikuwa namuumiza kwa mapenzi. Nimelia kwenye teksi. Bakuli nimelipandisha juu ya kigoda—mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu kuinama hawezi.

Alhamisi, 6 Machi
Muuza nyama kaja. Maneno nilikuwa nimeyapanga vizuri, yakatoka yamepinda. Nimemwambia pale pale mlangoni: basi, usilete tena, daktari kakataza.

Akautazama mfuko wake. "Sawa, Fundi. Nimekuelewa." Akaondoka, hata kiti hakukigusa.

Ameelewa nini? Mimi mwenyewe sijajielewa!

Jumamosi, 8 Machi
Jana hakuja. Leo pia. Na Meneja kagoma! Samaki—hapana. Kuku wa kuchemsha—kanusa, kageuza mwili mzima, kanipa mgongo. Kutwa kaelekea mlangoni. Basi tuko wawili.

Binti: Mama, wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, wewe mgeni umemfukuza! Nikamwambia akaoshe vyombo.

Nampenda yule mtu. Haya, nimeandika.

Daktari kwa simu: akiamka hajala, mlete tumlishe kwa mrija. Naogopa.

Jumapili, 9 Machi
Hajala. Kabla ya kwenda kwa daktari nikapitia buchani, na gauni la kijani—lilikuwa juu ya mengine tu. Foleni ndefu. Nikasema mbele ya watu wote: Meneja hali chakula.

"Lakini Fundi, ini si ulisema nisilete?"

"Ini usilete. Wewe njoo."

Bibi mmoja kwenye foleni akakohoa kikohozi cha umbea. Muuza nyama akavua aproni, akamwachia mwenzake kisu.

Kaja mikono mitupu. Kanawa, kamnyofoa kuku vipande vidogo, kapiga magoti mbele ya kigoda, kanyoosha kiganja. Meneja akanusa. Akalamba. Akala! Kipande, na kingine, mpaka mchuzi. Nimefurahi hadi nikapiga makofi.

Simu kwa daktari: vizuri sana, siku chache tu atazoea, atakula mwenyewe.

Nikarudi sebuleni. Muuza nyama bado yuko chini, paka kamlalia mguuni. Kauliza bila kunitazama: "Fundi, huyu atahitaji kulishwa hivi mpaka lini?"

Nimesema natafuta miwani, nimekimbilia chumbani, ndiyo naandika hapa. Miwani ninayo usoni. Binti anagonga—Mama, chai inapoa, na mgeni anauliza tena